Tulipofuta "Nyumba Hii Haiuzwi"

Kwa miaka minane ukuta wa mbele wa nyumba yetu, upande wa Kimara, ulikuwa na maandishi mekundu ya herufi kubwa kama za kwenye lori: NYUMBA HII HAIUZWI. EPUKA MATAPELI. Ukikaa Dar es Salaam hushangai, maana maandishi hayo yako kila mtaa. Sisi tuliyaandika 2016, baada ya Jumamosi moja niliporudi sokoni na kukuta wanaume wawili getini na futi kamba, wanapima upana wa uwanja. Walikuwa wameonyeshwa nyumba na kijana mmoja mcheshi, mtanashati, na walikwishampa laki tano ya kuishikilia. Nikawaambia mwenye nyumba ni mimi na siuzi. Mmoja alicheka akidhani namtania. Mwenzake alikaa chini palepale kwenye mchanga, suruali yake ya kitambaa na yote.

Kwa hiyo Februari 2024, tulipoamua kuuza kweli, mtu wa kwanza kumpigia simu alikuwa fundi rangi. Akaja, akatazama ukuta, akanipa ushauri wa kubana matumizi: "Dada, tusifute yote. Hii HAI naifanya INA, ile I ya mwisho naifanya A. Hapo katikati hatugusi." Nikakubali. Kosa letu lilikuwa kupaka rangi nyeupe mkono mmoja tu kabla ya kuandika upya. Jua la asubuhi likipiga ule ukuta, wekundu wa zamani ulikuwa unatokeza chini ya mpya, na mtu aliyesimama barabarani alisoma yote mawili kwa pamoja. Mzee mmoja wa baiskeli alisimama akaniuliza, kwa heshima zote, "Sasa mama, inauzwa au haiuzwi?"

Sababu ya kuuza haikuwa na siri. Serikali ilipohamia Dodoma, mume wangu alihama nayo. Miaka kadhaa tumeishi nyumba mbili, mboga mbili, nauli kila mwisho wa mwezi. Tulikuwa na kiwanja Dodoma kimejaa nyasi. Hesabu ilikuwa nyepesi: tuuze huku, tujenge kule.

Na kwa nini bila dalali? Hapo sina jibu la kistaarabu. Kiwanja cha hii nyumba ya Kimara tulikinunua 2006 kwa shilingi milioni nne na nusu, kupitia dalali aliyetuita "wanangu" siku nzima na tukamlipa chake. Miaka miwili baadaye nikakutana na aliyetuuzia kwenye msiba. Katika mazungumzo akasema yeye alipokea milioni tatu. Milioni moja na nusu ilikuwa cha juu. Wanaojua mambo haya hawashangai: mwenye mali anataja bei yake, dalali anapandisha anavyojua, tofauti inaingia mfukoni kwake, kisha bado anadai asilimia yake kwa pande zote mbili. Tangu siku hiyo niliapa kwamba siku nikiuza, nitauza kwa mdomo wangu. Safari hii dalali wa kwanza niliyemuuliza alitaka asilimia kumi. Nikapiga kwa bei niliyokuwa nayo kichwani, milioni 115, nikaona milioni kumi na moja na nusu zikiondoka kwa mtu ambaye kazi yake, nilivyoamini wakati ule, ni kupiga simu. Simu ninayo.

Nikapiga picha, nikaweka Facebook, Instagram, na makundi yote ya WhatsApp niliyomo, hadi la kwaya. Siku ya kwanza nilipata ujumbe zaidi ya arobaini. Nikampigia baba watoto Dodoma nikamwambia aanze kutafuta mafundi.

Ujumbe arobaini ni kitu cha kufurahia mpaka uusome. "Ipo?" "Bei?" "Mwisho ngapi?" Nimeandika bei, nimeandika eneo, nimeandika vyumba vitatu na mita za mraba 600, mtu anauliza "Location?" na ukimjibu hasemi tena neno. Wengine walitaka niwatumie picha ya hati "niifanyie upekuzi". Namshukuru shemeji yangu anayejua mambo haya, alinikemea mapema. Anayetaka kufanya upekuzi, yaani kuhakikisha mmiliki ni nani, kwa Msajili wa Hati anahitaji namba ya hati na alipe ada; picha safi ya hati yako nzima, yenye jina na muhuri, ikishaanza kuzunguka kwenye simu za watu hujui itatua mezani kwa nani. Yule aliyekaa mchangani 2016 alikuwa ameonyeshwa karatasi pia.

Zaidi ya nusu ya wale arobaini walikuwa madalali. Hawakusema hivyo. Walijitambulisha kama wanunuzi, wakauliza maswali ya mnunuzi, wakaja wakakagua hadi choo cha nje, wakapiga picha. Wiki ya tatu binti yangu akanionyesha tangazo Instagram: nyumba yetu, geti letu la kijani, na kamba ya nguo zangu ikionekana upande wa kulia. Bei milioni 140. Nikapiga namba iliyoandikwa. Kijana akapokea kwa bashasha, akanieleza uzuri wa nyumba yangu kwa maneno ambayo mimi sikuwahi kuyafikiria. Alisema upepo wa pale ni wa Lushoto. Nikamwambia naitaka kesho. "Sawa mama, ila kuna elfu ishirini ya kuonyeshwa, ni utaratibu wetu, hairudishwi." Elfu ishirini, nikaonyeshwe jiko langu. Nilitaka kumtukana, lakini nilikuwa nimekwishaanza kumsikiliza kama mtu anayejifunza. Mimi kwenye tangazo langu nilikuwa nimeandika "nyumba ipo vizuri".

Jirani yangu, mama mwenye duka, alikuwa akinipoza kila jioni: kizuri chajiuza. Mimi nimeona nyumba haijiuzi. Inatembezwa, na anayeitembeza ni wewe, ukiwa na kanga na funguo, umesimama kwenye mlango wa chumba cha watoto wako huku mtu usiyemjua akigonga ukuta kwa vidole kama daktari anayegonga mgongo wa mgonjwa.

Aprili ile mvua zilinyesha kama zimetumwa. Waliokuwa Dar mwaka huo wanakumbuka. Kule Rufiji watu waliokolewa kwa mitumbwi. Mnunuzi wangu wa kwanza wa maana, mtumishi wa benki na mkewe, alichagua kuja katikati ya mvua hizo, na sasa naelewa kwamba alichagua kwa makusudi. Walikuja na buti. Mume akaenda moja kwa moja uani, akasimama kwenye kona ambako maji ya jirani wa juu yanaingilia, akayaangalia yakipita chini ya ukuta na kukata uwanja kuelekea shimo la choo. Hakusema neno. Mke alikuwa ndani, amesimama chini ya doa la dari kwenye korido, lile la umbo la embe. Nilikwisha kulizoea doa lile hata nilikuwa silioni tena. Akaniuliza, "Hili linavuja bado?" Nikasema hapana, tulishaziba. Wakati nasema, tone likamdondokea begani.

Kuna mambo ya nyumba yako unayajua kwa miguu tu, si kwa kichwa. Wewe unaruka pale maji yanapopita bila kufikiri. Wageni hawaruki.

Kisha likaja swali ambalo kila mnunuzi wa barabara ya Morogoro atakuuliza: "Hapa X haijafika?" Mwaka 2017 nyumba nyingi kuanzia Kimara kwenda Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara, na watu wa huku bado wanatazama kuta wakitafuta ile X nyekundu ya kubomolewa. Yetu iko mbali na barabara, nina hati, nina ramani ya upimaji. Nilieleza kila kitu. Yule bwana alitikisa kichwa kwa adabu, halafu nikamwona anatembea hadi barabarani akihesabu hatua. Angekuwa na dalali katikati, angeuliza dalali, dalali angeapa kwa jina la mama yake, na bwana angeridhika kidogo. Mimi mwenye nyumba ndiye mtu wa mwisho wa kuaminiwa kuhusu nyumba yangu. Hilo sikulitegemea hata kidogo.

Na mimi ni mwanamke. Nusu ya waliokuja waliniamkia vizuri, wakaketi, wakamaliza chai, kisha: "Mzee yupo?" Niliwaambia yuko Dodoma, hati ina majina yetu wote wawili, bei ninaijua mimi. Mmoja akasema atarudi mzee akiwepo. Lakini siwalaumu wote. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inakataza mwanandoa mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na kesi za "mume aliuza, mke hakujua" zimejaa mahakamani. Mnunuzi mwenye akili anataka kuwaona wote wawili. Tofauti ni kwamba wanaume wakiuza, nadra mtu kuuliza "Mama yupo?" mpaka wafike kwa wakili.

Sasa nifike kwenye bei, maana ndipo nilipogundua ujinga wangu.

Mei akaja mzee mmoja, mstaafu, kofia ya kiua, sauti ya taratibu. Nilimwamkia, akaniitikia, akaniuliza kwetu wapi, akataja kijiji cha jirani na cha baba yangu. Akazunguka nyumba nzima akisifu. Aliposifu mwembe, nikajua nimekwisha. Tukaketi. "Mwanangu," akasema, "mimi ni mzazi wako. Nina milioni themanini na tano za kiinua mgongo. Nikifa kesho, wanao na wangu watakuwa ndugu hapa. Unaniambiaje?" Nilikuwa nimejiandaa kusema 115, nishuke hadi 105, nisimame hapo kama mti. Nikasikia mdomo wangu unasema, "Basi mzee wangu, tufanye 95." Milioni ishirini, kwa sentensi moja, kwa sababu ya mwembe na kijiji.

Dalali angesema nini? Angesema, "Mzee, mimi nakuelewa kabisa, lakini mwenye nyumba kakataa, mkorofi sana yule mama." Angenitukana mimi, mzee angecheka, bei ingebaki palepale. Ndicho tunachomlipa dalali, na mimi miaka yote nilidhani tunalipia namba ya simu. Anabeba maneno ambayo watu wawili wenye adabu hawawezi kuambiana machoni. Mnunuzi anamwambia dalali "hilo choo ni aibu", dalali anakufikishia "wanaomba upunguze kidogo kwa ajili ya marekebisho". Nilipomwondoa, aibu yote ilibaki sebuleni kwangu.

Mzee yule hakurudi. Nilisikia alinunua Kibaha. Lakini kuanzia hapo nikatafuta dalali wa bure. Kila bei iliyonishinda nilisema, "Ngoja nimuulize baba watoto." Nilitoka nje, nikasimama chini ya mwembe dakika tano nikitazama kuku, nikarudi na uso wa huzuni: "Amekataa kabisa, unajua wanaume." Baba watoto yuko ofisini Dodoma hana habari kwamba leo amekataa mara tatu. Siku alipokuja likizo mnunuzi mmoja alimkuta getini na kumwambia, "Wewe mzee ni mgumu kweli," akabaki ananitazama.

Kuhusu bei yenyewe, nilikuwa nimeipata wapi ile 115? Nilijumlisha matangazo ya mtandaoni, nikagawanya. Sikufikiri kwamba matangazo hayo ni bei za watu ambao bado hawajauza, na nyingi zina cha juu ndani yake. Mthamini aliyesajiliwa, ambaye ilibidi nimlipe hata hivyo kwa sababu ya kodi, aliweka milioni 84. Nilikasirika siku mbili. Niliona amepima ukuta na hakupima maisha yangu. Siku ya tatu nikasoma ripoti yake vizuri na nikakuta ameliandika lile doa la embe, kwa sentimita.

Mnunuzi mmoja wa mkopo wa benki alinipotezea Juni yote. Ni haki yake, lakini benki yake ilitaka uthamini wake yenyewe, upekuzi wake yenyewe, na stakabadhi za kodi ya pango la ardhi ambayo, nikiri, hatukuwa tumelipa miaka sita. Nilikuwa nikijidanganya kwamba tunalipa, kwa sababu tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU ya umeme kila mwezi na mimi nikiona makato nasema serikali imeshachukua chake. Kumbe hiyo ni ya jengo. Ya ardhi ni nyingine. Tukachukua namba ya malipo, tukalipa na riba. Mkopo wa yule bwana ukakataliwa wiki hiyo hiyo.

Aliyenunua hatimaye ni mama mfanyabiashara wa vitenge Kariakoo. Hakunywa chai. Hakusifu mwembe. Alikagua dakika ishirini, akasema, "Paa na uzio vitanila milioni nane. Naweka tisini na tatu, na leo natoa ishirini." Nikaenda chini ya mwembe, nikarudi. Akaniambia, "Mwambie mumeo nimesema tisini na tatu." Nadhani alinijua.

Zile ishirini alikuwa nazo kwenye mfuko wa rambo, chini ya kitenge. Noti zetu kubwa ni za elfu kumi, kwa hiyo milioni ishirini ni mabunda ishirini ya noti mia mia, na yakipangwa kwenye meza ya kahawa hayaachi nafasi ya kikombe. Geti wazi, wapangaji wa jirani wanachungulia, fundi bomba yuko uani. Mikono ilinitetemeka. Nikamwomba ayarudishe mfukoni. Tukaita bajaji, tukaenda hadi benki tumekumbatia ule mfuko katikati yetu kama mtoto mgonjwa, akaweka kwenye akaunti yangu, nikapata karatasi yenye muhuri. Hakuna mkataba uliokuwa umesainiwa bado, na ningepokea pale sebuleni tungeweza kubishana hadi leo kama ilikuwa ishirini au kumi na tisa.

Nilipookoa pesa ya dalali, sikuokoa ya wakili, na hapo sijuti. Mkataba uliandikwa kwamba ufunguo unatoka siku ya malipo ya mwisho, si kabla. Mama wa Kariakoo alitaka kuhamia Agosti mosi na kumalizia "taratibu". Wakili akamwambia hapana kwa sauti ambayo mimi nisingeiweza. Kuna fomu za ardhi namba 29, 30 na 35, kuna kibali cha Kamishna wa Ardhi, na kabla ya hayo kuna kodi ya ongezeko la mtaji. Mkazi mwenye kumbukumbu za gharama zake anatozwa asilimia 10 ya faida. Kumbukumbu! Mimi nilikuwa na daftari la Msomi lenye mahesabu ya saruji ya 2007 na risiti za kaboni zilizofutika hata jina la duka. Lori za mchanga hazikutoa risiti, mafundi walilipwa jioni mkononi. Tangu Julai 2023 asiye na kumbukumbu hutozwa asilimia 3 ya mauzo, basi kwetu ikawa shilingi 2,790,000. Kuna nafuu kwa nyumba uliyoishi mwenyewe miaka mitatu au zaidi, faida isipovuka milioni 15. Yetu ilivuka hata kwa kukisia. Ushuru wa stempu, asilimia moja, alilipa mnunuzi, baada ya mabishano ambayo sitaki kuyakumbuka. Ukiwa unajenga sasa hivi, weka kila risiti kwenye bahasha. Ya misumari pia.

Mume wangu alikuja kusaini Agosti hiyo, kwa treni ya umeme iliyokuwa ndiyo kwanza imeanza kufika Dodoma. Alishuka anasimulia treni, mimi nataka kusimulia fomu. Malipo ya mwisho yaliingia Septemba. Miezi saba, kutoka rangi hadi ufunguo. Nikifanya hesabu ya dalali wa asilimia tano, wapo wanaokubali hiyo, ningemlipa 4,650,000. Ile sentensi moja mbele ya mzee wa kofia ilishusha bei yangu kwa zaidi ya mara nne ya hiyo.

Wiki mbili kabla ya kuhama, mama mwenye duka alikuja jioni akiwa na sahani ya maandazi imefunikwa. Aliketi kwenye kiti kimoja kilichobaki. Akazunguka sana: mvua, bei ya sukari, mwanawe aliyeko Muscat. Mwisho akasema naye anataka kuuza kile kibanda chake cha chini, vyumba viwili, na hawataki madalali, wezi wale. "Wewe umeshajua njia. Watu wana namba yako. Nisaidie tu, jirani yangu."

Nikamuuliza ana hati au leseni ya makazi. Leseni. Nikamuuliza anataka ngapi mkononi. Akasema thelathini na tano. Nikatazama dari, nikaona kule wateja watakakosimama, nikaona kwamba upepo wa pale kweli una ubaridi fulani jioni.

"Sawa," nikamwambia. "Utanipa ngapi?"